Mto, Bahari na Mandiri: Ibada za Wahindu katika Pwani ya Tanga tangu Enzi za Mtangata

Kilomita zipatazo 17 kusini mwa mji wa Tanga, pembeni mwa barabara iendayo Pangani, yapo magofu ya Tongoni: msikiti wa mawe uliobomoka na makaburi yapatayo 40, mengi yakiwa ya nguzo, yaliyojengwa na Waswahili Waislamu wa karne ya 14 na 15, wakati mji huo ulipojulikana kwa jina la Mtangata. Katika magofu hayo hakuna jiwe hata moja la hekalu la Kihindu. Hata hivyo, historia ya ibada za Wahindu katika pwani ya kaskazini ya Tanzania yafaa ianzie hapo, kwa kuwa Mtangata ulikuwa miongoni mwa miji iliyoishi kwa biashara ya Bahari ya Hindi, na biashara hiyo ndiyo iliyowaleta Wahindu katika pwani hii karne nyingi kabla hawajajenga hata mandiri moja, yaani hekalu lao.

Msomaji hana budi kutofautisha mambo mawili yanayochanganywa mara nyingi. Mhindi ni mtu mwenye asili ya Bara Hindi, awe Mwislamu, Mkristo au wa dini nyingine; Mhindu ni mfuasi wa dini ya Kihindu. Wahindi wengi mashuhuri wa pwani, kama Makhoja na Mabohora, walikuwa Waislamu, nao waliingia katika jamii ya miji kwa njia zao. Historia inayofuata inawahusu Wahindu, ambao wenyeji wa zamani waliwaita Mabaniani, na inauliza kwa nini watu waliofika mapema kiasi hicho walichelewa sana kufanya sikukuu zao hadharani, kwa umati, kama walivyozifanya kwao kandokando ya mito.

Kabla ya 1498: pepo za msimu na ibada ya majini

Safari za kati ya Gujarati, eneo la magharibi mwa Bara Hindi, na pwani ya Afrika Mashariki zilitawaliwa na pepo mbili. Kaskazi, unaovuma tangu mwishoni mwa mwaka hadi Machi hivi, ulivileta vyombo, na kusi, unaofuata baada ya hapo, uliwarudisha mabaharia kwao. Vyombo hivyo vilileta nguo za pamba za Kambaya na shanga nyekundu za akiki, vikachukua pembe za ndovu, dhahabu iliyopitia Kilwa na bidhaa nyingine za bara. Mfanyabiashara aliyekuja kwa msimu hakuwa mhamiaji, maana mkewe, watoto wake na kuhani wa ukoo wake walibaki nyumbani, na mwaka wake wa ibada ulipimwa kwa kalenda ya huko.

Kalenda hiyo ilifungamana na maji. Katika dini ya Kihindu mto ni mahali patakatifu pa kuoga, kutoa sadaka na kuaga majivu ya wafu, na mahekalu mengi makubwa yamejengwa ukingoni ili mwenye kuhiji aoge kwanza kabla ya kuikaribia sanamu takatifu, iitwayo murti. Mfano ulio karibu zaidi na wasafiri wa Afrika Mashariki ni hekalu la Krishna katika mji wa Dwarka, ncha ya magharibi ya Gujarati, pale mto Gomti unapoingia baharini. Sikukuu ya kuzaliwa kwa Krishna, Janmashtami, inapowadia katika mwezi wa Shravan au mara baada yake, yaani Agosti au Septemba, mahujaji hufurika ukingoni, huoga katika Gomti, kisha hupanda ngazi 56 za mawe kutoka mtoni hadi kwenye lango la hekalu, wakisongana bega kwa bega ili angalau kila mmoja aione murti kwa macho yake. Kuiona huko, kuitwako darshani, ndicho kiini cha ibada yenyewe, kwani muumini huamini kuwa naye anaonwa. Usiku wa manane, saa inayoaminiwa kuwa ndiyo aliyozaliwa Krishna, kengele hupigwa, taa huzungushwa mbele ya murti katika tendo liitwalo arati, na baadaye umati hugawiwa prasadi, yaani chakula kilichokwisha kutolewa kwa Mungu.

Mabaharia nao walikuwa na siku yao. Mwezi wa Shravan unapopevuka, mvua kubwa za magharibi mwa India zikiwa zinaelekea kupungua, hutupa nazi baharini kuomba salama ya safari, na baada ya hapo huanza kuandaa vyombo kwa ajili ya msimu mpya. Kwa mtu wa Tanga au Pangani, anayejua kwamba hakuna chombo kinachoshushwa majini bila dua, desturi hiyo haihitaji maelezo marefu.

1498–1499: kosa la Wareno

Ushahidi ulioandikwa waziwazi juu ya Wahindu na ibada yao katika pwani hii umo katika kumbukumbu ya safari ya nahodha Mreno Vasco da Gama, iliyoandikwa na mmoja wa wasafiri wake. Alfajiri moja mwanzoni mwa Aprili 1498, meli moja ya da Gama iitwayo São Rafael ilikwama kwenye fungu la mchanga mkabala na Mtangata, ikanasuka maji yalipojaa, na Wareno wakayapa mafungu hayo pamoja na milima ya Usambara iliyoonekana kwa mbali jina la meli hiyo. Siku chache baadaye, huko Mombasa, wajumbe wao walionyeshwa na wafanyabiashara wawili karatasi yenye mchoro uliokuwa ukiabudiwa, nao wakadhani ni mchoro wa Roho Mtakatifu. Malindi walikuta vyombo vinne vya watu wa India wenye ndevu na nywele ndefu zilizosukwa, ambao hawakula nyama ya ng'ombe. Watu hao walipopandishwa melini na kuonyeshwa picha ya Bikira Maria na Mwanawe, walisujudu, wakatoa karafuu na pilipili kama sadaka. Wareno, waliokuwa wamesafiri wakiwa na tumaini la kukuta Wakristo katika nchi za Mashariki, waliwaandika wote hao kuwa Wakristo. Dalili zote zinaonyesha kuwa walikuwa Wahindu, na kwamba walisujudu kwa sababu katika dini yao sura takatifu hustahili heshima hata ikiwa ni ya ugenini.

Kosa hilo lilikua zaidi upande wa pili wa bahari. Akiongozwa na rubani aliyepatikana Malindi, da Gama alifika Kalikut, bandari ya India, mwezi Mei, na tarehe 28 Mei 1498, pamoja na wenzake 13, alipelekwa kumwona mtawala. Walisafirishwa sehemu ya njia kwa mashua mbili zilizofungwa pamoja mtoni, huku watu wakijaa kwenye kingo, na waliposhuka waliingizwa katika hekalu kubwa la mawe lililoezekwa kwa vigae. Mlangoni palisimama nguzo ya shaba ndefu kama mlingoti, juu yake ndege. Kandokando ya mlango zilining'inia kengele saba ndogo. Na katikati kulikuwa na chumba kitakatifu chenye mlango mwembamba, ambacho ni makuhani tu walioruhusiwa kukiingia, wakiwa wamevaa nyuzi kutoka bega la kushoto hadi chini ya mkono wa kulia. Makuhani waliwanyunyizia wageni maji na kuwapa unga mweupe wa kujipaka kwenye paji la uso na kifuani. Ukutani zilichorwa sura zenye mataji, nyingine zikiwa na meno yaliyochomoza na mikono minne au mitano. Hata baada ya kuyaona hayo, Wareno walipiga magoti wakaomba, wakiamini wamo kanisani. Walipotoka, umati ulikuwa umezidi barabarani kiasi kwamba haikuwezekana kusonga mbele, ikalazimu da Gama aingizwe kwanza katika nyumba moja.

Maelezo hayo yana thamani kubwa, kwa sababu mambo yote yaliyotajwa humo, yaani maji, unga mweupe, kengele, uzi wa makuhani, chumba kisichoingiliwa na msongamano wa watu, yangali ndiyo mambo ya ibada ya Kihindu hadi leo. Ni ushahidi pia wa jinsi mtu anavyoweza kuhudhuria ibada ya wengine na kuiona kwa macho ya matumaini yake.

Da Gama alirudi Afrika akiwa na mabaharia wachache, wengi wakiwa wamekufa kwa ugonjwa. Tarehe 13 Januari 1499 alitia nanga tena mbele ya Mtangata, akahamisha shehena, akaichoma moto São Rafael kwa kukosa watu wa kuiendesha, na kwa siku 15 wenyeji wa mji wakawaletea wageni hao kuku, wakibadilishana kwa mashati na bangili. Hivyo yule aliyepiga magoti katika hekalu la Kalikut alikuwa ufukoni mwa Tongoni kabla ya mwaka mmoja kupita.

1500–1830: karne za ukimya

Utawala wa Wareno haukuimaliza biashara ya Wagujarati, bali uliiwekea vibali na ushuru, na kwa kuwa Diu, bandari ya Gujarati, iliangukia mikononi mwa Wareno mwaka 1535, wafanyabiashara wa Kihindu waliendelea kuvuka hadi Mombasa na Msumbiji chini ya bendera hiyo. Mtangata wenyewe ulififia. Waomani walipoitwaa Ngome ya Yesu ya Mombasa mwaka 1698, nguvu za Wareno kaskazini mwa Msumbiji zilivunjika, na katika karne iliyofuata magofu ya mji huo yalipata wakazi wapya ambao, kwa mapokeo yao, walitoka Kilwa.

1830–1888: wanaume wasio na sikukuu

Mabadiliko makubwa yalikuja pale Sayyid Said bin Sultan, Sultani wa Omani, alipohamishia makao yake Unguja. Kuanzia miaka ya 1830 aliikodisha forodha ya pwani kwa nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, Mhindu wa jamii ya Mabhatia kutoka Kachi, eneo lililo ng'ambo ya ghuba kaskazini mwa Dwarka. Mkodishwaji alimlipa Sultani kiasi kilichokubaliwa kila mwaka, naye akakusanya ushuru kwa mawakala wake, na kwa njia hiyo Wahindu wakawa na watu katika kila bandari ya maana, Tanga na Pangani zikiwemo. Mabhatia walikuwa wafuasi wa Krishna, nao waliona kuhiji Dwarka kuwa jambo la heshima kubwa.

Msafiri Mwingereza Richard Burton alipopita pwani hii mapema mwaka 1857, akayazuru pia magofu ya Tongoni, alikuta Tanga mji wa watu kati ya 4,000 na 5,000, miongoni mwao Mabaniani wapatao 20. Watu hao wachache walibeba uzito mkubwa kiuchumi: waliwakopesha wenye misafara nguo, shanga na nyaya za shaba, nao wakapanda Usambara, Kilimanjaro na nchi ya Wamasai kutafuta pembe. Faida na deni vilikwenda pamoja, na chuki ya mdaiwa kwa mdai imebaki katika methali isemayo Baniani mbaya kiatu chake dawa.

Kidini waliishi kwa kujibana. Kuvuka bahari kulidhaniwa kumtia Mhindu wa tabaka la juu unajisi, na aliporudi alitakiwa kujitakasa, mara nyingi kwa kuoga katika maji matakatifu na kulipia ibada za kuhani. Ugenini alikula mboga tu, akajipikia au akapikiwa na mtu wa tabaka lake, akaangalia sana kisima alichochotea maji. Sultani aliwaruhusu kuabudu na kuchoma maiti zao, na ruhusa hiyo haikuwa jambo dogo katika dola ya Kiislamu ya zama hizo. Lakini sikukuu haikamiliki kwa wanaume peke yao. Wanawake ndio wafungao saumu, waimbao nyimbo za usiku, watengenezao vyakula vya sadaka na wafundishao watoto lini kufanya nini, na wanawake wa Kihindu hawakuanza kuja pwani kwa wingi kabla ya mwisho wa karne ya 19. Kwa hiyo ibada ilibaki ndani ya chumba kilicho nyuma ya duka, mbele ya picha na taa ndogo, na umati ulisubiriwa hadi mtu arudi kwao, Gomti.

1888–1914: Pangani yashuka, Tanga yapanda

Agosti 1888 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilijaribu kuishika forodha kwa nguvu. Pangani, mji uliopo mdomoni mwa mto, ulikuwa umefurika watu waliokuja kwa Idi Kubwa pamoja na wapagazi wa misafara, na Wajerumani walipoingia msikitini na mbwa hasira ililipuka. Vita vilivyoongozwa na Abushiri bin Salim viliyumbisha biashara yote ya pwani. Wahindi wengi walikimbilia Unguja wakiacha madeni yasiyodaiwa. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi Desemba 1889.

Baada ya hapo Wajerumani walichagua Tanga. Reli iliyoanza kujengwa mwaka 1893 ilifika Muheza mwaka 1896, Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911, na mkonge ulioletwa mwaka 1893 ukaenea katika mashamba ya nyuma ya pwani. Mfanyabiashara wa msimu akageuka mwenye duka la kudumu, na fundi, karani na mshonaji wakaja na familia zao. Idadi ya Wahindi wa koloni lote ilikuwa imefika takriban 9,000 mwaka 1913. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, hapa ndipo historia ya sikukuu inapogeuka, kwa sababu reli na mkonge vilimpa Mhindu sababu ya kuleta mke, na mke alikuja na sikukuu.

Vita vya Tanga vya tarehe 3 hadi 5 Novemba 1914 vilileta kundi lingine kabisa. Katika jeshi la watu wapatao 8,000 walioshushwa na Waingereza kulikuwa na Marajputi na askari wa Kashmiri, wengi wao Wahindu, ambao waliuawa kwa mamia katika mashamba ya mpira na minazi wakipigana na askari wa kamanda wa Kijerumani Paul von Lettow-Vorbeck. Walikufa mbali na mto wowote mtakatifu, na makaburi ya kumbukumbu yaliyopo Tanga yanawataja hadi leo.

1919–1961: mto ndani ya chungu

Chini ya Waingereza idadi ya Wahindi wa Tanganyika ilipanda hadi takriban 25,000 mwaka 1931, ikapita 70,000 mwaka 1957. Tanga, mji wa pili kwa bandari, ulipata jumuiya za Walohana, Wapatel na wengine, shule zao, kumbi zao na mandiri zao. Sasa umati ulikuwapo, lakini Gomti haukuwapo, na swali la maji lilipaswa kujibiwa.

Jibu lilikuwamo tayari katika dini yenyewe. Mwanzoni mwa ibada nyingi kuhani hujaza maji katika chungu cha shaba au udongo kiitwacho kalasha, huweka majani ya mwembe mdomoni mwake na nazi juu, kisha huiita kwa jina mito saba mitakatifu ya India, miongoni mwao Ganga, Yamuna, Narmada na Kaveri, iingie katika maji hayo. Kuanzia hapo maji ya bomba au ya kisima ni maji ya mto. Miembe na minazi imejaa Tanga, tambuu na popoo zinapatikana sokoni, na hivyo pwani ya Waswahili ilitoa karibu vifaa vyote vya ibada ambayo watu wake hawakuifuata. Kile kisichoweza kufanywa kwa chungu kilipelekwa baharini: majivu ya wafu ambao ndugu zao hawakuweza kuyafikisha India, na katika miji mingi ya pwani sanamu za udongo za Ganesha, ambazo hukaribishwa kwa siku kadhaa na kuagwa kwa kuzamishwa majini.

Sikukuu iliyokusanya watu wengi kuliko zote ilikuwa Navaratri, mikesha tisa ya kumtukuza Mungu kwa sura ya Mama, katika Septemba au Oktoba. Chungu chenye matundu huwekwa katikati kikiwa na taa ndani, na wanawake, kisha na wanaume, hucheza garba kwa kukizunguka, wakipiga makofi kwa zamu na kuinama pamoja, mduara mmoja ndani ya mwingine hadi uwanja ujae. Siku 20 baada ya siku ya kumi, inayofuata mikesha hiyo, huja Diwali, sikukuu ya taa, ambayo kwa Wagujarati ndiyo mwisho wa mwaka wa hesabu, ambapo madaftari mapya ya duka huwekwa mbele ya sanamu au picha za Lakshmi, mungu wa kike wa mali, na Ganesha, hupakwa rangi nyekundu, yakabarikiwa kabla ya kuandikwa deni la kwanza. Majirani Waislamu na Wakristo walijua siku hiyo kwa peremende zilizopelekwa nyumba hadi nyumba. Janmashtami nayo iliadhimishwa usiku wa manane, sanamu ya Krishna mtoto ikibembezwa katika susu ndogo, na watu wakisukumana taratibu mbele yake wapate darshani kama ambavyo wangeipata Dwarka.

Baada ya 1961: umati wahama

Uhuru haukukataza ibada yoyote. Kilichopunguza umati ni uchumi na hofu. Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964, Azimio la Arusha la Februari 1967, na sheria ya Aprili 1971 iliyotaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 ziliwagusa moja kwa moja watu walioweka akiba yao katika nyumba. Mwaka uliofuata Idi Amin aliwafukuza Waasia wa Uganda, na wengi wa Tanzania wakaona hatari hata pale ambapo serikali yao haikuwatishia. Mkonge nao ulikuwa ukishuka bei, Tanga ikashuka nao. Familia zilihamia Dar es Salaam, Uingereza na Kanada.

Leicester, mji wa Uingereza uliopokea Wahindu wengi wa Afrika Mashariki, sasa huwa na sherehe za Diwali katika Belgrave Road zinazohesabiwa kuwa miongoni mwa kubwa kabisa nje ya India, na familia za huko hutawanya majivu ya wazee wao katika mto Soar. Baadhi ya wazee hao walizaliwa pwani ya Afrika Mashariki, walihesabu kwa Kiswahili, na mto wao mtakatifu wa kwanza ulikuwa maji ndani ya chungu.

Tanga ibada haijakoma, ingawa walio mandirini ni wachache kuliko miaka ya 1950. Kinachopotea kwa kasi zaidi ni maandishi. Madaftari ya maduka ya Tanga na Pangani, yaliyoandikwa kwa Kigujarati na kubarikiwa kila Diwali, yana majina ya wenye misafara, bei za pembe na nguo, na tarehe za sadaka zilizotolewa kwa sikukuu. Ni ushahidi wa historia ya Waswahili kama ulivyo wa Wahindu. Familia ambazo bado zinayo, ziwe Tanga au Leicester, ziyakabidhi kwa Nyaraka za Taifa au kwa chuo kikuu kabla mchwa na unyevu wa pwani havijayamaliza, na wasomaji wetu wanaojua Kigujarati wajitolee kuyasoma.